Tulivyosoma Kumbukumbu ya Mashine kwa Sauti Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilitetemeka kwa baridi. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, la mikono mifupi, nikidhani ofisi ya kompyuta ya mgodi ni ofisi kama nyingine, yenye madirisha wazi na vumbi jekundu la Kolwezi juu ya kila meza. Kumbe mashine ile haikupenda joto. Waliijengea chumba chake, chenye mitambo ya kupoza hewa iliyonguruma mchana kutwa na sakafu iliyoinuliwa ili nyaya zipite chini. Nje jua lilichoma mabati, ndani watu walivaa sweta. Injinia Mkuu, Mbelgiji mnene mwenye sauti ya chini, aliitazama mikono yangu iliyosisimka, akavua koti lake jeupe la kazi na kunipa. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, cha "njo" badala ya "ndiye": "Hapa mashine njo bwana. Sisi tunavaa tu."

Mimi ni binti wa karani. Baba alitoka kaskazini ya Katanga, Mprotestanti wa kuamka na sala, akahamia Kolwezi kwa kazi ya mgodi kabla sijazaliwa. Nilisoma hesabu Lubumbashi, nikarudi na diploma, na mama yangu akawatangazia majirani kwamba mwanawe atafanya kazi na mashine yenye kufikiri. Haikuwa inafikiri hata kidogo. Ilifanya ilichoambiwa, hata ikiambiwa upuuzi, na ndiyo maana kampuni ilihitaji watu wa kusoma maagizo kabla mashine haijayapokea. Kazi hiyo ndiyo niliyopewa, na ndiyo niliyoifanya miaka yangu yote ya mgodini.

Niwaeleze taratibu, maana najua ninyi vijana wa kompyuta mnapenda kuruka. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoziamrisha nyingine: wewe ngoja, wewe ingia, wewe toka. Ndani ya mfumo huo kuna sehemu inayogawa kumbukumbu. Kumbukumbu hukatwa vipande vilivyolingana vinavyoitwa kurasa. Programu zote haziwezi kuenea humo kwa pamoja, basi ukurasa ambao haujaguswa kwa muda hutolewa na kuwekwa kwenye diski, na mwenyewe akiuhitaji hurudishwa. Ninyi siku hizi mnanunua kumbukumbu dukani kama karanga. Yetu ilikuja kwa ndege kutoka Ulaya, kadi moja moja ndani ya sanduku lenye sponji, na Injinia Mkuu aliipokea kwa mikono miwili kama anapewa mtoto mchanga.

Mashine yetu ilifanya mengi, lakini kazi yake moja haikuwa ya mchezo. Ilisoma kina cha maji katika visima vilivyozunguka shimo letu kubwa la kuchimbia shaba, ikawaambia watu wa pampu wafungue ipi na wafunge ipi. Mvua za Kolwezi hazibishi hodi. Mashine ikichelewa, wanaume walio chini kabisa, na matingatinga yao, ndio wa kwanza kufikiwa na maji. Kwa sababu hiyo Injinia Mkuu aliwaomba waliotuuzia mashine watupe msimbo, yaani maandishi yenyewe ya mfumo endeshi, ili tuupunguze na kuuharakisha sisi wenyewe.

Sasa sikilizeni jambo tulilogombania miaka. Programu hujengwa kwa fonksio, ndivyo tulivyosema kwa Kifaransa chetu, na kila fonksio ni kipande chenye jina lake na kazi yake. Kuna njia mbili za kuitumia. Ya kwanza ni kuiita: mashine inaandika ilipoishia, inaruka hadi kwenye fonksio, inafanya, inarudi. Ya pili ni kuipachika: unanakili mwili mzima wa fonksio pale pale inapohitajika, na mashine haiendi popote. Kuita ni kumtuma mtu kwa jirani aombe chumvi kila unapopika. Kupachika ni kuweka chumvi katika kila jiko. Unapika upesi zaidi, ila chumvi ya kila jiko inataka mahali pa kukaa, na mahali ndiko tulikokuwa maskini.

Mwenzangu wa meza alikuwa Tata Badibanga, Tata yaani Baba, kwa heshima. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba kwenye mgodi wa Mutoshi, na yeye alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akaoa Kolwezi. Kiluba chake cha Kasai kilitosha salamu tu. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yake ya kukasirikia. Alikuwa Mkatoliki mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata siku ya vumbi, na alipenda mwendo kuliko kitu chochote. Ungemwacha peke yake angepachika kila fonksio kila mahali. Mimi nilikuwa mchoyo wa kumbukumbu, kwa hiyo tulifaana.

"Mama Ngoie, weye unabana sana," alikuwa akiniambia. "Siku moja utabana ata hewa."

"Na weye Tata, siku moja utapachika ata jina ya muke yako mu kila mustari."

"Kapinga? Ule alijipachika mwenyewe zamani," alijibu, na chumba kizima kikacheka.

Desturi yetu iliitwa sauti mbili. Injinia Mkuu ndiye aliyeianzisha, kwa kuwa kuutengeneza mfumo mzima upya kulikula siku nzima ya mashine, na kosa moja lilitugharimu siku nyingine. Mtu mmoja alikuwa msomaji. Alisoma msimbo kwa sauti, mstari kwa mstari, kutoka kwenye zile karatasi ndefu zilizokunjana zenye vitundu pembeni. Mwingine alikuwa mashine. Mezani tulichora miraba kwa chaki, na ndani ya miraba tukaweka vifuniko vya chupa za bia, kila kifuniko ukurasa mmoja uliomo kwenye kumbukumbu. Msomaji akisoma kwamba ukurasa unatoka, mashine anaondoa kifuniko. Akisoma kwamba unarudi, anakirudisha. Mashine haruhusiwi kufikiri wala kumsaidia msomaji. Anafanya alichosomewa, kidole kikimfuata, na akikwama anasema amekwama. Mwishoni wote wawili huandika majina, na majina hayo huingia ndani ya msimbo wenyewe, juu ya fonksio waliyoisoma. Pasipo majina mawili hakuna kilichoingia kwenye mashine, hata kama kimeandikwa na Injinia Mkuu.

"Kusoma na macho, unaruka," alituambia. "Na mudomo huwezi kuruka."

Wageni waliopita walidhani tunacheza drafti. Mkurugenzi mmoja aliuliza kwa nini kampuni inawalisha watu wazima wanaochezea vifuniko. Injinia Mkuu akamketisha kwenye kiti cha mashine na kumsomea nusu ukurasa. Mkurugenzi alikwama mapema, akatoka akipangusa jasho katika chumba kile cha baridi.

Nayakumbuka yale masaa ya asubuhi na moyo unaniuma kwa utamu. King'ora cha mgodi kikilia, mkate wa moto ukija kutoka kantini, chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati, karatasi zikinukia wino. Tulibishana mpaka tukakaukiwa na mate. Badibanga alipachika fonksio fulani kila mahali akaapa mfumo utakimbia. Tulipopima, ulikuwa umepungua mwendo, kwa sababu mfumo endeshi ulinenepa, ukala kurasa za programu nyingine, nazo zikawa zinatolewa na kurudishwa bila kupumzika. Kesho yake alikuja na mfuko wa mandazi aliyoyapika Kapinga, akaniwekea mezani, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kukubali. Jumamosi tulikwenda kutazama mpira, familia yake na yangu benchi moja. Hatukujua kwamba tunaishi vizuri. Tulidhani ndivyo dunia ilivyo.

Fonksio tulizoandika wenyewe tulizipa majina ya Kiswahili, ili yeyote afunguaye msimbo aone mara moja zipi za waliotuuzia mashine na zipi za Kolwezi. Iliyopendeza kuliko zote ilikuwa ya Badibanga, iliitwa Leta. Programu ikigusa ukurasa ambao haumo kwenye kumbukumbu, mfumo husimama kidogo, na Leta hutafuta nafasi, huuchukua ukurasa kwenye diski na kuurudisha mahali pake. Alikuwa ameiandika kwa mistari michache mno. Nilijaribu kupunguza hata mmoja nikashindwa, nikamwambia hivyo, naye akatembea ofisini wiki nzima kama aliyepewa nishani. Kwa kuwa ilihitajika mara kwa mara, tuliipachika mahali pengi.

Kisha mgodi ukaanza kuugua. Vipuri viliadimika, Wabelgiji wakafungasha mmoja mmoja, na Injinia Mkuu naye akaenda. Siku ya kuaga alitushika mikono mimi na Badibanga kwa pamoja, akasema, "Sauti mbili. Ata mimi sipo." Macho yake yalikuwa mekundu, na yangu pia. Nafasi yake alichukua Chef wa Divisheni, yaani mkuu wa idara, mtu wa kwetu kaskazini, mwenye suti ya kijivu na adabu nyingi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na miaka ile woga ulikuwa kama mafua, kila mtu alikuwa nao.

Ndipo ikaja ile miezi nisiyopenda kuisimulia. Wakubwa wa siasa walipanda majukwaani wakasema Katanga ni ya Wakatanga, na kwamba watu wa Kasai ndio waliotula. Wakaanza kuwaita bilulu, yaani wadudu. Neno hilo nililisikia sokoni, kisha kwenye foleni ya mkate, kisha, naona aibu kulitaja, uani mwa kanisa letu. Vijana walizunguka mitaa wakigonga milango na kuwaambia watu waondoke. Nyumba zilichomwa. Asubuhi moja walinzi wa lango la kampuni waliwazuia wafanyakazi wote wenye asili ya Kasai, na kiti cha Badibanga kikabaki kitupu. Nilipokwenda nyumbani kwake nilikuta watu nisiowajua wameanika nguo zao kwenye kamba ya Kapinga. Jirani akaninong'oneza kwamba familia iko stesheni, pamoja na maelfu wengine, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai.

Siku hizo hizo umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo, na kishindo kimoja kiliunguza sehemu kubwa ya kadi zetu za kumbukumbu. Za kubadilisha hazikuwepo. Mashine ikabaki na kumbukumbu pungufu mno, na kazi ni zile zile. Ilikuwa kama mama mwenye sufuria moja anayetakiwa kupika bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na maharagwe kwa wakati mmoja: anamimina, anaosha, anabandika, anamimina tena, na hakuna kinachoiva. Mashine ilitumia nguvu zake zote kutoa na kurudisha kurasa. Maji ya visima ilisoma kwa kuchelewa, siku nyingine ilizimika kabisa. Na mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameshajipanga upande wa mgodi wa Mashamba.

Dawa ilikuwa moja: kuupunguza mfumo endeshi wenyewe. Yote tuliyoyapachika kwa raha miaka ya neema, sasa tuyapachue. Fonksio iwe na nakala moja tu, iitwe inapohitajika, na nakala hiyo ikae katika sehemu ya mfumo inayoweza kutolewa kwenye diski ikiwa haitumiki. Niliandika mabadiliko hayo peke yangu, na Leta ndiyo iliyonipa nafasi kubwa kuliko zote, kwa vile ilikuwa imepachikwa kila kona. Nilikuwa nimeridhika na kazi yangu. Chef wa Divisheni akaja mezani.

"Mama Ngoie, mbula inafika. Mkurugenzi anauliza mashine."

"Nimemaliza kuandika, Chef. Bado kusoma."

"Soma basi."

"Na nani?"

Alikitazama kile kiti, akaondoa macho upesi. "Mi nitaweka jina yangu."

"Chef, hujasoma ata mustari moja."

"Niko nakutumainia weye."

"Mi sijitumainii," nilimjibu. Nikabeba karatasi zangu chini ya kwapa, nikaenda stesheni.

Sijui niwaambieje juu ya stesheni. Magodoro, cherehani, milango iliyong'olewa kwenye nyumba, picha za harusi zikiwa zimefungwa kwa kanga, watoto wakikohoa chini ya maturubai. Watu waliokuwa wakinisalimu sokoni kila siku waligeuza nyuso waliponiona, na sikuwalaumu. Badibanga alikuwa ameketi juu ya godoro lililoviringishwa, karibu na reli, shati lake jeupe limefuliwa. Kapinga alikuwa akipuliza mbabula, lile jiko letu la makaa. Aliona karatasi kabla hajaona uso wangu.

"Mama Ngoie, karibu. Lakini ile makaratasi ni ya nini? Banatufukuza mu mulango, weye unatuletea kazi mu dirisha?"

Nilitaka kugeuka. Nilimweleza Badibanga kwa maneno machache, kadi zilizoungua, mvua, pampu, nikamwambia kwamba akikataa nitaondoka na tutabaki ndugu.

"Kataa," Kapinga alimwambia. "Ile kampuni ilifunga mulango mu uso yako. Bateke maji yabo na ndoo."

Badibanga alitazama mawingu. "Kapinga, kule chini mu shimo kuko banani? Haiko bakubwa. Ni bale banaume ya tingatinga, bale tulikuwa naketi nabo ku mpira. Maji ikipanda, haitauliza nani alitufukuza." Kisha akaninyooshea mkono. "Leta makaratasi."

Kapinga aligeuza uso. Akarudi kupuliza moto wake.

Tulichora miraba kwenye udongo. Vifuniko hatukuwa navyo, tukaokota kokoto za reli. Mimi nikawa msomaji, yeye mashine. Nilisoma kwa sauti katikati ya makelele yale, na watu wakaanza kututazama. Mzee mmoja aliuliza kama tunapiga ramli treni ije. Fonksio baada ya fonksio zilipita vizuri, kidole cha Badibanga kikienda bila kusita, kokoto zikitoka na kuingia. Kwa muda nilisahau tulipo. Nadhani hata yeye alisahau, kwa maana alininung'unikia kwamba ninasoma upesi, kama zamani.

Tukafika kwenye Leta. Nilisoma: programu inagusa ukurasa usiokuwemo. Mfumo unasimama. Mfumo unaiita Leta.

"Leta iko wapi?" mashine aliuliza. Hilo anaruhusiwa kuuliza.

"Iko mu ile sehemu ya kutolewa."

Alitafuta kokoto ya sehemu ile. Tulikuwa tumeiondoa muda si mrefu, kupisha nyingine. Mraba wake ulikuwa mtupu.

"Haiko. Ilitolewa. Nani atairudisha?"

Nilifungua mdomo nisome jibu, na jibu lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe. "Leta," nikasema.

Kidole chake kilibaki hewani. Alifuata desturi mpaka mwisho. "Nimekwama," alisema. "Sina fashi, sina pahali ya kwenda."

Hakuna aliyecheka. Kapinga, ambaye nilidhani hasikilizi, alikuwa ameacha kupuliza moto. Mimi machozi yalinitoka pale pale, mbele za watu, kwa hofu na kwa aibu. Hofu kwa sababu mabadiliko yale yangeizimisha mashine kabisa, na si mara moja, bali siku ya mvua kubwa, kumbukumbu inapojaa na watu wako chini. Aibu ilikuwa ya mji wangu wote. Badibanga alinipa leso, akasema kwa upole, "Futa, mama. Tutengeneze."

Tulitengeneza mpaka jioni, tukaendelea kesho yake. Leta tuliiacha imepachikwa mahali pamoja tu, ndani ya njia ile inayoshughulikia kurasa zilizokosekana, katika sehemu isiyotolewa kamwe. Kwingineko kote tukaipachua. Nafasi tuliyoipoteza hapo tuliitafuta kwa kubana fonksio nyingine, na safari hii yeye ndiye aliyebana kuliko mimi. Tulisoma tena yote tangu mwanzo. Hakukwama. Tukaandika majina mawili.

"Utanijulisha kama inatembea muzuri?" aliniuliza nilipokuwa nakunja karatasi.

"Nitakujulisha, Tata."

Treni yao ilikuja baada ya siku chache, mabehewa ya mizigo yasiyo na viti. Nilifika na mkate na sukari nikakuta wameshapanda na treni imeondoka. Miraba yetu ilikuwa imekanyagwa na miguu ya watu.

Chef wa Divisheni aliposhika karatasi aliona jina la Badibanga kwanza. Akafunga mlango.

"Mama, hii jina inatafuta nini hapa? Unataka banifukuze na miye?"

"Ni sauti ya pili, Chef."

"Futa. Weka yangu."

"Kama unafuta yake, futa na yangu. Halafu weye mwenyewe uende kusimama kule juu ya shimo mbula ikinyesha."

Ninyi msidhani nilikuwa shujaa. Chef alikwenda dirishani, akasema bila kugeuka, "Mi sikuona kintu," akatoka. Nikayaingiza mabadiliko kama yalivyo, na majina mawili juu ya Leta.

Mvua zilikuja kwa hasira. Mashine ilikuwa nzito, ilikohoa, lakini haikuzimika. Ilisoma visima, ikaamrisha pampu, na wanaume wa chini walipanda nyumbani kila jioni matope mpaka magotini. Nilitaka kumjulisha Badibanga. Posta ilikuwa imekufa, simu za mbali pia. Nilituma ujumbe kwa wasafiri, kwa mapadri, kwa dereva wa lori. Hakuna aliyeniletea jibu, na sikujua kama yuko hai.

Miaka iliyofuata mgodi wenyewe ulianguka. Kazi ya shimo ikafungwa, watu na matingatinga wakaondolewa. Ndipo tukaambiwa tuizime mashine, nami nikaizima kwa mkono wangu, mchana, ikiwa bado inafanya kazi vizuri. Baadaye nyaya za pampu zikaibiwa, umeme ukakatwa, pampu zikakaa kimya, na maji yakapanda polepole bila mtu yeyote chini, mpaka shimo likawa ziwa. Sisi wa ofisini tukapewa karatasi za kwenda nyumbani. Nilifundisha kwenye chuo kimoja hapa mjini mpaka miguu ikakataa.

Sasa nimestaafu na ninyi mnanitembelea na kompyuta zenu nyembamba. Mnaniambia programu zenu zinaamua zenyewe kipi kipachikwe na kipi kiitwe, na ninaamini, na ninaona wivu kidogo. Mnanicheka ninapowaambia msome msimbo kwa mdomo, mwenzenu akiwa mashine. Chekeni tu. Mimi najua kwamba macho yangu yalipita juu ya Leta mara nyingi, nikiwa nimeridhika, na kwamba kama ningekuwa peke yangu ningeliingiza kosa lile mashineni. Nilihitaji sikio la pili, na sikio lenyewe walikuwa wamelitupa nje pamoja na godoro lake. Hilo halijaacha kuniudhi.

Jumapili moja, si zamani, baada ya ibada, mama mmoja aliingia uani kwangu taratibu, na kitambaa cha Wakatoliki kichwani. Sikumtambua mpaka aliposema. Alikuwa Kapinga. Wanawe walirudi Kolwezi kufuata biashara, naye anaishi nao Kasulo, ambako watu wanachimba kobalti chini ya vyumba vyao vya kulala. Tulishikana muda mrefu. Nikauliza habari za Tata.

"Alikufa kule," alisema. "Alikuwa nafundisha batoto hesabu. Mama Ngoie, mi nimekuja kuuliza kintu moja tu, halafu nitakunywa chai yako. Kule, kila muntu mwenye kutoka Kolwezi, alikuwa namuuliza: shimo iko namna gani? Mwishoni mumoja akamuambia shimo imejaa maji yote. Ile siku alikaa chini. Akasema: ni ile kazi ya ku stesheni, tulikosea fashi fulani, maji ilipanda juu ya bantu. Mi nilimuambia, acha, ile ni maji yabo. Hakuacha. Mpaka anakufa alikuwa anarudilia ile mistari na mudomo, anatafuta kosa."

Nilimshika mikono miwili. Nikamwambia mashine haikuzimika hata siku moja kwa sababu ya kazi ile. Nikamwambia maji yalipanda baadaye, pampu zilipokufa, mashine imeshazimwa, na chini hakukuwa na mtu hata mmoja. Nikamwambia hakukuwa na kosa la kutafuta.

Kapinga alinitazama.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena.